Amri ya Nane na Hukumu ya Haraka: Funzo Kutoka Durham

Utangulizi

Mtu anapotuhumiwa uovu mkubwa, wale wanaouchukia uovu huo hujaribiwa kwa namna ya pekee. Hasira yao ni ya haki, na kwa kuwa ni ya haki, huihesabu kuwa ushahidi wa kutosha. Makala haya yanalieleza jaribu hilo kwa kutazama kesi moja ya Marekani, kisha yanauliza Amri ya Nane inamdai nini mchungaji aletewaye shtaka.

Tukio lenyewe

Usiku wa kuamkia tarehe 14 Machi 2006, wachezaji wa lakrosi wa Chuo Kikuu cha Duke, mjini Durham katika jimbo la North Carolina, walifanya karamu nje ya chuo, wakawalipa wanawake wawili ili wawachezee huku wakivua nguo. Mmoja wa wanawake hao alidai kwamba alibakwa na wachezaji watatu. Yeye alikuwa Mweusi, asiye na mali. Wachezaji karibu wote walikuwa Wazungu, na wengi wao watoto wa matajiri. Katika nchi ambayo kwa vizazi vingi wanawake Weusi walidhulumiwa bila kupata mtetezi, watu wengi waliona kwamba neno hilo limekwisha kuthibitika kabla ya kuchunguzwa.

Mwendesha mashtaka wa wilaya, Michael Nifong, alikuwa akigombea cheo hicho katika uchaguzi wa mwaka huo. Alitoa mahojiano mengi akisema kwamba ubakaji ulitendeka. Mlalamikaji alionyeshwa picha za wanatimu peke yao, hata yeyote ambaye angemchagua angekuwa mtuhumiwa. Mwezi wa Aprili kocha alilazimika kujiuzulu, na michezo yote iliyobaki ya msimu ikafutwa. Wahadhiri 88 walitia sahihi tangazo katika gazeti la wanafunzi, na wengi walilisoma kama hukumu. Kufikia katikati ya Mei wachezaji watatu walikuwa wamekwisha kushtakiwa rasmi.

Lakini vipimo vilikuwa vimeonyesha vinasaba vya wanaume wengine, wala si vya washtakiwa, katika sampuli zilizochukuliwa mwilini na katika nguo ya mlalamikaji. Desemba 2006 mkuu wa maabara alikiri mahakamani kwamba yeye na Nifong walikubaliana kutoyaandika matokeo hayo katika taarifa. Tarehe 11 Aprili 2007 Mwanasheria Mkuu wa jimbo, Roy Cooper, alifuta mashtaka yote na kutamka kwamba vijana hao hawakuwa na hatia. Juni mwaka huo Nifong alinyang'anywa uwakili. Septemba, mkuu wa chuo, Richard Brodhead, aliomba radhi hadharani. Naye mlalamikaji alikiri mwaka 2024 kwamba ushahidi wake ulikuwa wa uongo.

Amri inadai nini?

Katika Katekisimo Ndogo Luther hakuishia kukataza uongo. Alifundisha pia kwamba tumtetee jirani na kuyaelewa mambo yake kwa wema. Katika Katekisimo Kubwa alianzia mahakamani, mahali ambapo asiye na hatia huangamizwa kwa ulimi wa shahidi. Tena alitenganisha kuijua dhambi na kuihukumu: kuhukumu ni kazi ya wale tu waliokabidhiwa wajibu huo.

Torati inaingia ndani zaidi. Kutoka 23:1-3 inakataza kuufuata mkutano katika kupotosha haki, na mara inakataza kumpendelea maskini katika neno lake (linganisha Law. 19:15). Agizo hili la pili ni gumu kwetu tunaofundishwa kusimama na wanyonge. Waliomhurumia mwanamke yule hawakukosa kwa kuhurumia. Walikosa kwa kuifanya rangi na mali ya mtu kuwa shahidi. Kwa hoja hiyohiyo, mwaka 1931, vijana tisa Weusi walisingiziwa ubakaji huko Scottsboro, Alabama. Wanane kati yao walihukumiwa kifo baada ya wiki chache tu, ingawa mwishowe hakuna aliyenyongwa.

Hata hivyo, amri hii isifanywe pazia la kuwafichia wakosaji. Tamari alisema kweli, lakini aliambiwa anyamaze, Daudi alikasirika sana, wala hakutenda neno (2 Sam. 13). Anayeisoma habari ya Yusufu na mke wa Potifa (Mwa. 39) imempasa aisome na hii pia.

Wajibu wa mchungaji

Kwanza, amsikilize mlalamikaji kwa heshima na kumpatia ulinzi, bila kumfanya aone haya. Pili, asijitwalie kazi ya polisi wala ya hakimu. Shtaka la jinai lipelekwe panapohusika. Tatu, uchunguzi uwe wa bidii (Kum. 19:18), kama Danieli alivyowahoji wazee wale kila mmoja peke yake katika habari ya Susana. Nne, kumsimamisha mtu kazi kwa muda kusitangazwe kama hukumu, wala mahubiri yasitumike kumtaja kwa mafumbo.

Mwisho, maji yakimwagika hayazoleki. Jina lililochafuliwa haliwi tena kama lilivyokuwa. Kwa hiyo, ikiwa tuhuma ilisikika madhabahuni, kutokuwa na hatia kwake nako kutangazwe madhabahuni palepale, kwa sauti ileile, na waliohukumu kabla ya wakati waungame kosa lao. Toba ya namna hiyo ni sehemu ya kuitimiza Amri ya Nane.