Usonji: Mtaalamu afunzwe kuelewa kabla ya kurekebisha

MZAZI wa Nakuru anayeelezwa kwamba mwanawe ana usonji huwa na swali moja kabla ya mengine yote: je, hali hii itaisha? Jibu atakalopewa na mtaalamu wa kwanza kukutana naye linaweza kuamua jinsi mtoto huyo atakavyolelewa, jinsi fedha za familia zitakavyotumika na jinsi mtoto mwenyewe atakavyojiona atakapokuwa mtu mzima.

Kwa miaka mingi wataalamu walifunzwa kulijibu swali hilo kwa kuahidi kupunguza dalili. Mtoto anayepungapunga mikono alifunzwa kuiweka chini, anayekwepa macho ya watu alilazimishwa kuwatazama usoni, na anayerudiarudia maneno alinyamazishwa. Mafanikio yalipimwa kwa kadiri mtoto alivyofanana na wenzake.

Mtazamo mwingine umezidi kupata nguvu katika mafunzo ya washauri nasaha, wanasaikolojia na wataalamu wa matamshi. Mtazamo huo, unaojulikana kama utofauti wa ubongo, unashikilia kwamba bongo za wanadamu hazifanyi kazi kwa namna moja, na kwamba usonji ni mojawapo ya namna hizo. Kwa hivyo, kazi ya mtaalamu ni kumsaidia mwenye usonji awasiliane, ajifunze, awe salama na aishi kwa heshima bila kulazimika kuficha jinsi alivyo.

Mabadiliko hayo hayakuja kwa siku moja. Daktari Leo Kanner alieleza hali hiyo kwa kina nchini Marekani mwaka 1943. Baadaye akina mama walilaumiwa kuwa ubaridi wao ndio ulioisababisha, dhana iliyopingwa vikali na mwanasaikolojia Bernard Rimland katika kitabu chake cha mwaka 1964. Mwaka 1987, Ivar Lovaas wa California alichapisha matokeo ya mbinu ya kubadilisha tabia, ambapo watoto 19 walifunzwa kwa takriban saa 40 kila wiki. Alidai kuwa tisa kati yao walifikia kiwango cha kawaida. Mbinu hiyo ilienea kote duniani, ingawa katika miaka yake ya awali ilitumia hata adhabu za kuumiza mwili. Watetezi wake wanasema imebadilika mno tangu wakati huo, lakini baadhi ya watu wazima waliopitia mafunzo ya aina hiyo utotoni wanasema yaliwaachia majeraha ya moyoni.

Wenye usonji wenyewe ndio walioanza kuuliza maswali. Mwaka 1993, Jim Sinclair, ambaye ana usonji, aliwaeleza wazazi katika kongamano mjini Toronto, Canada, kwamba hawapaswi kumwombolezea mtoto aliye hai. Mwaka 2012, mtafiti Damian Milton wa Uingereza, ambaye pia ana usonji, alitoa hoja kwamba kutoelewana ni tatizo la pande mbili: mwenye usonji hamwelewi vyema asiye nao, na asiye nao vilevile hamwelewi mwenye usonji. Kwa hoja hiyo, mtaalamu naye ana la kujifunza.

Nchini Kenya, Chama cha Usonji kilianzishwa mwaka 2003. Hata hivyo, imani za kale hazijatoweka. Utafiti wa Joseph Gona na wenzake katika Pwani ya Kenya, uliochapishwa mwaka 2015, ulibaini kwamba wazazi na wataalamu walitaja pepo, uchawi na laana miongoni mwa visababishi, pamoja na sababu za kimwili kama vile maradhi na matatizo wakati wa kujifungua. Mtaalamu asiyefunzwa kuzungumza na mzazi mwenye hofu ya aina hiyo bila kumdharau atampoteza mzazi huyo, na mtoto pia.

Katika jiji la Nakuru, mafunzo hayo yana maana ya moja kwa moja. Mtoto anayeziba masikio na kupiga mayowe kwenye kituo cha matatu, penye honi, muziki na makelele ya manamba, huchukuliwa kuwa mtundu. Mtaalamu aliyefunzwa kwa mtazamo mpya huanza kwa kuchunguza ni sauti, mwanga au mguso gani unaomuumiza, kisha hushauriana na familia juu ya saa tulivu za kusafiri au kifaa cha kuziba masikio. Vivyo hivyo kwa mwanafunzi anayevua sweta ya shule kila asubuhi. Huenda inamkwaruza ngozi kwa kiasi ambacho wengine hawahisi.

Suala la macho nalo linadhihirisha hatari ya kuiga vitabu vya ng'ambo bila kutafakari. Vitabu hivyo huhesabu kutotazamana usoni kuwa kasoro ya kurekebishwa, ilhali katika jamii nyingi za Kenya mtoto anayemkazia macho mtu mzima huonekana hana adabu. Mtoto wa Njoro au Molo anaweza kutumia miezi mingi akifunzwa jambo ambalo nyanya yake atamkemea kwalo.

Lugha ni jambo jingine. Watoto wengi wa eneo hili husikia lugha ya mama nyumbani, Kiswahili sokoni na Kiingereza darasani. Baadhi ya wazazi hushauriwa waache lugha ya nyumbani ili mtoto asichanganyikiwe, lakini tafiti hazijaonyesha kwamba kukua na lugha zaidi ya moja humdhuru mwenye usonji. Kwa asiyezungumza, mtaalamu anafaa kujua kutumia picha, ishara au kompyuta ndogo ya mkononi bila kungoja sauti itoke kwanza.

Kwa mshauri nasaha anayehudumia vijana na watu wazima, mafunzo yanagusa hata namna ya kuuliza. Swali kama "unajisikiaje?" huwa gumu kwa baadhi ya wenye usonji, ambao hawatambui kwa urahisi jina la hisia waliyo nayo. Methali na mafumbo, ambayo ni silaha ya kila siku ya mshauri wa Kiafrika, yanaweza kuchukuliwa kwa maana ya moja kwa moja. Aidha, mshauri anapaswa kutambua mteja ambaye amejificha kwa miaka mingi akiiga wengine. Utafiti wa Sarah Cassidy na wenzake, uliochapishwa nchini Uingereza mwaka 2018, ulihusisha kujificha huko na mawazo ya kujitoa uhai. Hapo ndipo uzito wa suala hili ulipo.

Mtazamo huu haukani ulemavu. Kifafa, kukosa usingizi na tabia ya kujiumiza vinahitaji matibabu, na wapo watakaohitaji kuangaliwa maisha yao yote. Mzazi anayetaka mwanawe ajue kwenda choo au asikimbilie barabarani hakosei. Kinachobadilika ni swali ambalo mtaalamu hujiuliza kabla ya kuweka lengo: linamfaa mtoto, au linawaondolea aibu watu wazima?

Misingi ya kuendesha mafunzo hayo ipo. Chuo Kikuu cha Egerton kilichoko Njoro hufunza saikolojia na ushauri nasaha, na Chuo cha Mafunzo ya Utabibu nchini, KMTC, kina tawi Nakuru. Shirika la Afya Duniani nalo lina mpango wa kuwafunza walezi, wenye vikao tisa vya pamoja na ziara tatu za nyumbani, ambao umefanyiwa majaribio nchini Kenya na Ethiopia. Kinachohitajika ni wenye usonji na familia zao kuketi mbele ya darasa kama walimu, badala ya kutajwa vitabuni tu.

Kwa sasa, mzazi anaweza kumuuliza mtaalamu maswali matatu kabla ya kulipa karo ya kwanza. Je, ni lengo gani linalofuatwa, na ni nani aliyelichagua? Mtoto akikataa zoezi, nini hufanyika? Na je, mzazi anaruhusiwa kuketi ndani na kutazama? Mtaalamu anayekwepa swali la mwisho hafai kuachiwa mtoto.