Doa la Tanki la Kwanza

Kwenye meza ya fundi mmoja mstaafu mjini Arusha kuna kitambaa cheupe cha pamba chenye madoa matano yaliyopangwa mstari mmoja, kila doa na namba yake pembeni, imeandikwa kwa penseli. La kwanza ni jeusi ti. La pili limeanza kuwa la kijivu. La tano lina rangi ya chai ya rangi iliyozidishwa maji. Nilikwenda kwake kuuliza habari za pampu za visima, kazi aliyoifanya mpaka akastaafu. Nikaona kile kitambaa, na pampu zikanitoka kichwani.

Madoa yale yametoka kwenye injini mpya anayoizoesha kabla ya kuirusha, ya ndege ndogo, zile zinazorushwa kwa rimoti. Ni O.S. ya Kijapani, ya mipigo minne, yenye ujazo wa cc 15 hivi, yaani moja ya kumi ya injini ya bodaboda ya 150. Kampuni hiyo aliianzisha Shigeo Ogawa huko Osaka mwaka 1936, na FS-60 waliyoitoa mwaka 1976 ndiyo iliyowazoesha warushaji wa kawaida mipigo minne. Kabla ya hapo anga ilikuwa ya mipigo miwili na kelele zake kali. Mzee, ambaye ameniomba nisimtaje jina, anaipenda hii kwa mlio wake mzito, wa chini, unaofanana na wa ndege kubwa.

Injini hii ina vali, ina tapeti, ina kamshafti, kila kitu unachokijua kwenye gari. Kinachokosekana ni karteli ya oili. Oili yake imechanganywa humo humo kwenye mafuta, karibu sehemu moja kwa tano, pamoja na methanoli na nitromethani kidogo. Inaposhuka pistoni, oili kidogo hupenya pembeni mwa ringi, ikaangukia kwenye kasha la kranki, ikalainisha beringi na kamshafti, kisha ikatoka nje kwa kijibomba kilicho chini. Hapo chini ya kijibomba ndipo mzee anapotega kitambaa chake.

“Hicho unachokiona si uchafu, mwanangu,” aliniambia, akikifikicha kidole kwenye lile doa la kwanza. “Ni chuma. Ringi na silinda zinajuana.”

Nami nikalishika. Kati ya vidole kuna ukungu wa kijivu unaong'aa ukiugeuzia jua, laini kiasi kwamba ngozi haihisi chembe. Silinda mpya, hata iliyochongwa kwa mashine nzuri, ina mikwaruzo isiyoonekana kwa jicho, vijilima na vijibonde. Ringi ikipita juu yake mara maelfu, vilima husagika, na kule kusagika ndiko kunakotoka kwenye kijibomba tanki baada ya tanki, mpaka oili inaanza kutoka safi. Sijawahi kuona kuchakaa kukitazamwa kwa upendo namna ile. Kila baada ya tanki moja anasogeza kitambaa, anaandika namba, anakaa kimya kidogo akilinganisha.

Siku ile ilikuwa zamu ya tanki la sita. Injini imefungwa kwa boliti kwenye ubao mnene, propela imekazwa kwa nati mbili, ya pili ya kuizuia ya kwanza. Sababu ya nati mbili ni kwamba injini ya mipigo minne ikikosa mafuta ya kutosha hugonga, na kule kugonga kunaweza kuifungua propela ikarushwa. Alinisogeza nyuma ya ubao kwa mkono, bila maneno. Ubavuni mwa propela inayozunguka hasimami mtu.

Plagi yake haitoi cheche. Ina waya mwembamba wenye platinamu unaopashwa moto kwa betri ya volti moja na nusu. Injini ikishawaka betri inaondolewa, na waya unabaki mwekundu kwa joto la mwako na kwa jinsi platinamu inavyochochea methanoli. Aliwasha, akafungua sindano ya kabureta mpaka mlio ukawa mzito na moshi mweupe ukatanda. Mafuta mengi maana yake oili nyingi na joto dogo. Kisha akaikaza sindano kidogo, injini ikapanda, akahesabu kimoyomoyo, akairudisha kwenye moshi. Akaipandisha tena, akairudisha tena. Ukiilowesha mafuta muda wote, anasema, ringi haipati msukumo wa kuikalia silinda. Ukiikaza mapema, itaungua. Kati ya hayo mawili ndipo alipo yeye, sikio limeinama.

Nilimuuliza mbona haifuati namba ya kijitabu cha maelekezo, sindano ifunguliwe mizunguko mingapi. Akaonyesha mlima. Arusha iko mita 1,400 hivi juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na mafuta yanayotosha Tanga huku yanazidi. Namba ni ya kuanzia tu.

Tanki lilipokwisha aliacha injini ipoe kabisa, hata ukiigusa husikii joto. Kupata moto na kupoa ni sehemu ya kazi yenyewe. Ikipoa ndipo atakapopima nafasi ya tapeti, kati ya 0.04 na 0.1 ya milimita, kwa kibati chembamba alichokifunga kwenye karatasi ya nta.

Kuna jambo ambalo hakulimaliza, nami silimalizi. Anatumia mafuta yenye oili ya nyonyo ndani yake. Minyonyo inaota yenyewe kando ya barabara zetu, ila ya kuweka kwenye injini ni iliyosafishwa. Ya kupaka nywele haigusi. Nyonyo huvumilia joto pale oili za kisasa zinapokata tamaa, lakini huacha gundi ya kahawia kwenye vali. Wenzake wengi wameiacha. Na wengine wameacha zoezi lote hili: wanasema mashine za leo zinachonga vizuri mno, funga injini kwenye ndege, weka mafuta mengi kidogo, ruka.

Nikamuuliza kama anao ushahidi kwamba wanakosea.

“Rafiki yangu aliirusha yake tanki la kwanza,” alisema. “Aina hii hii. Mpaka leo inaruka.”

Basi kwa nini?

“Yake sikuisikiliza ilipokuwa mpya. Sijui ingekuwaje. Na yangu sijui ingekuwaje ningeirusha. Injini haizoeshwi mara mbili, useme ujaribu njia nyingine.”

Nilisubiri aongeze neno. Alikuwa ameshachomoa mpira wa mafuta, anadondoshea oili ya kuhifadhia kwenye kabureta na kuzungusha propela kwa mkono, kwa sababu methanoli hunywa unyevu wa hewa na beringi zikilala nao usiku mmoja zinaanza kushika kutu. Doa la sita alikuwa bado hajaliandika namba.