Mchungaji katika Kambi ya Askari



Mwaka 2023 nchi yetu ilipata sheria ya kuanzisha jeshi la akiba la ulinzi. Tangu hapo tunaulizwa: mchungaji mwenye kanisa lake anaweza kwenda kuhudumia askari siku chache, kisha arudi kwenye mimbara yake? Hatusemi hapa nani ana haki katika vita hivi. Tunasema juu ya kazi ya mchungaji tu.

Kuwa na kazi mbili si dhambi. Paulo alishona mahema Korintho na huku akihubiri (Matendo 18:3). Huko Marekani wachungaji wa jeshi la akiba hutumika kwa kawaida mwisho wa juma mmoja kila mwezi na kama wiki mbili kwa mwaka. Siku nyingine wako kanisani kwao. Hawabebi silaha.

Sheria ya vita inamjua mtu huyu. Mapatano ya Geneva ya 1949 yanaagiza mchungaji wa askari aheshimiwe na kulindwa, hata akikamatwa na upande wa pili. Itifaki ya 1977 inasema anaweza kuwa wa kudumu au wa muda. Lakini sharti ni moja: awe anafanya kazi ya dini peke yake. Siku anaposhika bunduki na kupigana, au anapopeleleza na kubeba ujumbe wa kamanda, amejivua ulinzi huo mwenyewe. Na huyu wa muda yuko katika hatari zaidi, sababu watu wanamwona Jumapili sokoni Virunga na Jumatatu kambini. Atambulikane kwa jambo moja tu, Neno.

Sasa tuseme wazi lile ambalo wengi wanalizunguka. Askari watamletea bunduki azipake mafuta. Watamwomba maji ya kunyunyiza ili risasi zisiwapate. Hapa Kivu tunajua desturi hiyo tangu zamani. Mai-Mai wana watu wao wa dawa na masharti yao. Uganda, mwaka 1986 na 1987, Alice Lakwena aliwapaka wapiganaji wake mafuta, akawaambia risasi hazitawaingia. Walikufa wengi sana, na jeshi lake likavunjika karibu na Jinja. Mchungaji wa kipentekoste anayepaka bunduki mafuta hana tofauti na hao, hata akitaja jina la Yesu mara mia. Mafuta ya Yakobo 5:14 ni ya mgonjwa.

Basi afanye nini? Askari walipomwendea Yohana Mbatizaji, aliwakataza kuwanyang’anya watu na akawaambia waridhike na mshahara wao (Luka 3:14). Hayo ndiyo mahubiri ya kambini! Ayaseme hasa kwa wale wanaosimama kwenye bariera na kumdai mama mwenye mzigo wa makaa, hata kama kamanda amekaa mstari wa mbele akisikiliza. Azike wafu. Aketi na kijana asiyelala usiku kwa yale aliyoyaona. Mateka aliyejeruhiwa akiomba maombi, amwombee vilevile. Aliyoungamiwa yakae kwake. Na mke wa askari anayeishi kambini na watoto, hajui mume yuko wapi, huyo naye ni kondoo wake. Kifaransa kinamwita mchungaji huyu kwa neno lililotoka kwenye sadaka, maana zamani alikuwa mgawaji wa sadaka kwa maskini. Jina hilo linamfaa.

Kabla hajakubali, azungumze na mke wake, halafu na wazee wa kanisa. Nao wazee wamweke mtu wa kushika ibada na kutembelea wagonjwa asipokuwepo. Wasimwachie mama mchungaji mzigo wote. Akirudi, apewe siku mbili za kupumzika kabla ya kuhubiri. Na tafadhali, ndugu, msimzunguke mlangoni pa kanisa kumuuliza majeshi yamefika wapi.