Hali ya hewa hubadilika kila siku, tabianchi je?

Majuzi nilikuwa nimeketi barazani Ziwa la Ng'ombe, hapa Mombasa bara, redio ikisoma taarifa ya habari. Msomaji akataja "mabadiliko ya hali ya hewa" na kuyeyuka kwa barafu katika ncha za dunia. Mzee mmoja aliyekuwa akinywa kahawa akacheka.

"Mwalimu, hebu nambie," akaniuliza, "hali ya hewa iliacha lini kubadilika? Kusi yavuma, ikimaliza yaja kaskazi. Mvua ya mwaka yaja, kisha yenda zake. Sasa watutisha na nini? Na hiyo barafu ya huko mbali yanihusu nini mimi?"

Swali hilo halikuwa la mzaha. Mzee ana kiwanja bondeni na anataka kujenga vyumba vya kupangisha. Akiamini kwamba mambo ni yale yale ya siku zote, ataweka msingi pale pale maji yanapopita. Na kwa hakika kosa si lake. Kosa ni la neno alilosomewa.

Hali ni jambo la kupita. Twaulizana kila siku, "Hali gani?" kwa sababu jibu la jana huenda si la leo. Hali ya hewa basi ni jua la asubuhi hii au mvua ya kesho. Tabia ni kitu kingine. Mtu mpole akikasirika siku moja, hiyo ni hali yake ya siku ile. Akiwa mkali mwaka nenda mwaka rudi, hapo twasema tabia yake imebadilika. Ndiyo maana wataalamu waliunda neno tabianchi, na kawaida huipima kwa wastani wa miaka 30. Wapo wanaodhani "nchi" hapa ni taifa, kama Kenya au Tanzania. La hasha. Ni nchi ya "mbingu na nchi" na "nchi kavu", yaani ardhi tunayoikalia.

Neno liliwahi kuzua utata wa aina hii hapa hapa pwani. Mwaka 1848 Johannes Rebmann, mmishenari Mjerumani aliyekuwa akiishi Rabai, alisafiri hadi nchi ya Wachaga. Mei 11 aliona weupe juu ya Kilimanjaro. Aliyemwongoza njia hakuwa na jina la kitu kile ila "baridi". Rebmann akatambua kuwa ni theluji. Habari zilipofika Ulaya, mwanajiografia William Desborough Cooley wa London alizikataa: theluji itakaaje karibu na ikweta? Msomi mwenye kamusi nzima alikosea, na mwenye neno moja tu alikuwa amesema kweli.

Leo "baridi" ile yatoweka. Kati ya 1912 na 2007 Kilimanjaro ilipoteza takriban asilimia 85 ya eneo lililofunikwa na barafu. Hiyo si hali ya siku mbili tatu, ni tabia.

Na tuitazame barafu yenyewe. Theluji ni ile inayoanguka kutoka mawinguni; ikirundikana miaka mingi hushindiliwa ikawa barafu. Lakini kwenye ncha za dunia kuna barafu za aina mbili, na taarifa zetu huzichanganya. Kaskazini, katika Aktiki, sehemu kubwa ni barafu ya bahari, inayoelea. Antaktika na Greenland zina barafu ya nchi kavu. Jaribu nyumbani: weka kipande cha barafu kwenye glasi, jaza maji hadi ukingoni, kisha ngoja kiyeyuke. Maji hayamwagiki. Sasa tia kipande kingine kutoka nje: yanamwagika. Barafu ya Greenland ikiyeyuka yote, bahari ya dunia itapanda kwa takriban mita 7. Ya Antaktika, mita 58 hivi. Hilo si la kesho, ni la karne nyingi, lakini hata sehemu ndogo yake yatosha kutusumbua sisi wa pwani.

Barafu ya bahari nayo ina kazi yake. Kaa juani na kanzu nyeupe, kisha na buibui jeusi, utaelewa. Weupe hurudisha mwanga, weusi huumeza. Barafu ikiondoka, bahari yenye rangi nzito humeza joto, na joto hilo huyeyusha barafu zaidi. Tangu 1979 Aktiki imepata joto kwa kasi inayokaribia mara nne ya wastani wa dunia.

"Lakini si dunia yajibadilisha yenyewe?" mzee akanikatiza. Kweli, hujibadilisha. Mserbia Milutin Milanković alieleza jinsi njia ya dunia kulizunguka jua, na mwinamo wake, vinavyobadilika polepole kwa makumi ya maelfu ya miaka, na hivyo enzi za barafu kuja na kuondoka. Ila kasi ya leo ina sababu nyingine. Barafu ya Antaktika imehifadhi vipovu vya hewa ya miaka 800,000. Katika muda huo wote kabla ya viwanda, kaboni dioksidi haikuzidi sana sehemu 300 katika kila milioni. Kabla tu ya viwanda ilikuwa 280 hivi; sasa imepita 420. Gesi hii ni kama blanketi linalozuia joto kutoka, na anayelinenepesha ni mwanadamu, kwa kuchoma makaa, mafuta na gesi.

Hayo ndiyo yanayomhusu mzee wetu. Hewa ikipanda joto kwa nyuzi moja huweza kubeba mvuke zaidi kwa asilimia 7 hivi, na mvuke huo ukishuka, huja kwa kishindo. Maji hayo yatafuata bonde.

Kwa hivyo, ndugu zangu wanahabari na wafasiri, tusiyaite yote hali ya hewa. Msikilizaji akitaka kujua iwapo atoke na mwavuli, mpe hali ya hewa. Akitaka kujua ajenge wapi, mweleze tabianchi. Na barafu ikitajwa, tuseme ni ipi: ya bahari au ya nchi kavu.

Mzee alimaliza kahawa yake, akasema atamwita fundi warudi kupima kiwanja upya.