Kipini: Mji ulioletewa mto na mfereji

Mkazi yeyote wa Hewani, Wema au Ngao akiulizwa Mto Tana unaishia wapi, atajibu papo hapo: Kipini. Leo jibu hilo ni sahihi. Miaka 150 iliyopita lingekuwa kosa.

Zamani hizo Tana ilimwaga maji yake baharini kusini-magharibi mwa Kipini, kwenye Ghuba ya Ungwana. Mto uliopita Kipini ulikuwa mwingine, mfupi, ukiitwa Ozi. Wafanyabiashara wenye vyombo waliupenda mlango wa Ozi, kwa kuwa ule wa Tana ulikuwa na fungu la mchanga na mawimbi makali. Shida ni kwamba Ozi haukufika kwenye vijiji vya Wapokomo, kulikotoka nafaka.

Dawa yake ilikuwa mfereji. Katika karne ya 19 watu walichimba kwa mikono njia nyembamba ya kupitisha mitumbwi, kutoka Tana hadi Ozi. Ndio Belezoni. Masimulizi yanautaja utawala wa Witu kuwa ndio ulioamuru kazi hiyo. Lakini maji hayana adabu ya kufuata amri. Kufikia miaka ya 1890 Tana ilikuwa imeupanua mfereji ule, ikauacha mlango wake wa kale na kuhamia Ozi. Tangu hapo Kipini ikawa mlango wa mto mrefu kuliko yote nchini Kenya.

Mji wenyewe ulikuwa na jina kubwa kabla ya hapo. Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani zilipokubaliana mipaka ya Sultani wa Zanzibar huku bara, zilimwachia ukanda wa pwani wa maili 10 kwa upana, na mwisho wake wa kaskazini ukawekwa Kipini. Kutoka hapo kwenda juu, Sultani alibakishiwa visiwa na miji michache tu, kama Lamu na Kismayu. Nyuma ya Kipini kulikuwa na Witu ya Sultani Ahmed, maarufu kwa jina la Simba, ambaye mwaka 1885 alikuwa ameingia chini ya ulinzi wa Wajerumani. Mwaka 1890 Wajerumani waliikabidhi Witu kwa Waingereza, na Oktoba ya mwaka huohuo majeshi ya Waingereza yakauchoma mji huo. Baadaye Kipini ikawa makao ya serikali ya kikoloni ya wilaya ya Tana River.

Ukitaka ya kale zaidi, nenda kwenye magofu ya Ungwana, jirani na Kipini. Kuna msikiti wa ijumaa wenye kumbi mbili, kila moja na mihirabu yake, pamoja na makaburi ya mawe. Mtafiti James Kirkman alifukua hapo miaka ya 1950. Wapo wanahistoria wanaoamini kuwa Ungwana ndio mji wa Hoja, ulioshambuliwa na Wareno wakati wa safari ya Tristão da Cunha miaka ya 1506 na 1507. Mji ulihamwa karne ya 17. Na wenyeji wa Kipini bado wanasema kuwa Fumo Liongo, shujaa na malenga, amezikwa kwao.

Kwa nini haya yatuhusu sisi wa mtoni? Kwa sababu mfereji wa kupitisha mitumbwi ulitosha kuhamisha mto mzima. Leo mabwawa ya umeme yako mbali kule juu, na kila mwaka kunazungumzwa miradi mipya ya kuyachukua maji. Maji matamu yakipungua, ya bahari hupanda, na wakulima wa mpunga wa Ozi wanaijua chumvi hiyo mashambani mwao. Kule Kipini nako bahari inaendelea kuula ufuo.

Kabla ya mradi mwingine kupitishwa, waulizwe wanaoujua mto. Na walimu wetu wa Hewani wawapeleke wanafunzi Kipini na Ungwana, angalau mara moja, wakiwa na daftari. Wakirudi, wakae na wazee wa vijijini wayaandike majina ya mikondo ya zamani. Mzee akiondoka na majina hayo, hakuna ramani itakayoturudishia.