Nikotini Huingia Hata kwa Ngozi: Maelezo kwa Wavunaji na Wavutaji wa Tumbaku



Hapa Buyenzi karibu kila kona pana kijimeza, na juu yake sigara zinauzwa moja moja. Fundi wa gereji hununua moja asubuhi, moja baada ya chakula, moja jioni. Na katika mitaa hii hii zipo jamaa zenye ndugu Ulyankulu, huko Tabora, Tanzania, ambako wakimbizi wengi wa Burundi walipelekwa baada ya mwaka 1972 na wakaanza kulima tumbaku. Huyu anavuta, yule anavuna, lakini wote wawili wanaguswa na kitu kimoja kiitwacho nikotini. Tunakieleza leo kwa sababu tumesikia mara nyingi mno kwamba kibarua akitapika baada ya kuvuna huambiwa ana malaria, au ni mvivu, au amelogwa.

Nikotini hutengenezwa katika mizizi ya tumbaku, kisha hupanda mpaka kwenye majani. Kwa mmea wenyewe ni silaha ya kujikinga na wadudu. Zamani wakulima wa nchi nyingi walikuwa wakiloweka tumbaku na kunyunyiza maji yake juu ya mimea ili kuua wadudu. Mkulima anapokata ua la juu ili majani yanenepe, mmea huongeza nikotini. Ndiyo maana majani ya juu, yanayovunwa mwisho, huwa makali kuliko ya chini.

Sasa, nikotini huyeyuka katika maji. Asubuhi majani yana umande, au mvua imetoka kunyesha. Mvunaji anabana majani kwapani, shati linalowa, na maji yale yanakaa juu ya mwili wake mpaka adhuhuri. Ngozi haiizuii nikotini kupita. Saa kadhaa baadaye, pengine amekwisha fika nyumbani, kichwa kinauma, anaona kizunguzungu, anatapika, tumbo linasokota, miguu haina nguvu. Hali hiyo huchukua siku moja au mbili. Waganga wa Marekani waliiandika mwaka 1970 huko Florida, na mwaka 1992 hospitali chache tu za jimbo la Kentucky zilihesabu watu 47 waliofika kwa sababu hiyo. Hiyo ni nchi ambayo koti la mvua na viatu vya mpira si vitu vya kutafuta kwa tochi.

Anayevuta sigara huumwa kidogo kuliko mwenzake, kwa kuwa mwili wake umekwisha zoea nikotini. Wanaoumia zaidi ni kibarua mgeni, asiyevuta, na mtoto aliyeletwa shambani kusaidia. Lakini hatusemi kila anayetapika apuuze malaria. Malaria hupimwa kwa damu. Apimwe, na amweleze mganga kwamba alikuwa akivuna tumbaku mbichi, na kama shamba lilipigwa dawa ya wadudu aliseme hilo pia, maana dawa hizo nazo huleta dalili za namna hii.

Tugeukie sigara. Huko Tabora na Urambo hukaushwa tumbaku ya mvuke. Moto wa kuni huwashwa, joto linapita katika mabomba ndani ya bani, na kazi hiyo huchukua kama juma moja. Wanga ulio ndani ya jani hugeuka sukari, na jani hukauka kabla sukari haijakwisha. Sukari hiyo hufanya moshi uwe na uchachu kidogo, na hapo ndipo penye siri ya sigara. Moshi wenye uchachu hautoi nikotini kwa urahisi kinywani, hivyo mvutaji hana budi kuuvuta mpaka mapafuni. Kutoka mapafuni nikotini hufika ubongoni kwa sekunde 10 hadi 20 tu.

Wazee wetu wanaonusa ugoro walilijua jambo hili bila kwenda shule. Huchanganya tumbaku na magadi au majivu. Magadi huondoa uchachu, nayo nikotini hupita puani au mdomoni bila moto wala moshi.

Nikotini iliyo mwilini hupungua nusu kila baada ya saa mbili hivi. Ndipo mtu anapoanza kununa na kutafuta kijimeza cha karibu. Nikotini ndiyo inayomfunga, lakini saratani huletwa hasa na lami ya moshi na sumu nyingine, baadhi yake zikizaliwa wakati jani linapokaushwa. Tena moshi una hewa ile ile inayoua watu waliolala na jiko la makaa chumbani. Huko Uingereza, Richard Doll na Austin Bradford Hill walianza mwaka 1951 kufuatilia waganga wanaume zaidi ya 34,000. Matokeo ya miaka 50 yalitolewa mwaka 2004: waliovuta bila kuacha walipoteza miaka kama 10 ya maisha yao. Walioacha wakiwa na miaka 30 waliiokoa karibu yote, na hata aliyeacha akiwa na 50 aliokoa karibu nusu.

Sigara zinazoitwa nyepesi hazisaidii. Kichungi chake kina vitundu vinavyoingiza hewa, kwa hiyo mashine ya kupimia huona lami kidogo. Mtu si mashine. Huziba vitundu kwa vidole, huvuta kwa nguvu zaidi, na hupata nikotini yake kama kawaida.

Viwandani tumeona jambo lingine: mapumziko ya sigara mara nyingi ndiyo mapumziko pekee ambayo msimamizi hayakatai. Kijana huanza kuvuta ili apate dakika tano za kukaa. Chama kidai mapumziko ya wote, mwenye sigara na asiye nayo.

Kwa wavunaji madai yetu ni haya. Kazi isianze mpaka umande ukauke. Glovu na vazi lisilopitisha maji vitolewe na mwajiri, visikatwe kwenye mshahara. Anayeumwa apelekwe hospitali na siku yake ilipwe. Mkataba namba 184 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2001, unampa mfanyakazi wa shambani haki ya kujiondoa penye hatari ya haraka bila kuadhibiwa. Unazifunga nchi zilizouridhia tu, lakini popote pale wajumbe wetu wanaweza kuuweka mezani mbele ya mwajiri.

Na wakati madai hayo yakingojea jibu, mvunaji aliyelowa avue nguo mapema, aoge kwa sabuni, na nguo hizo zifuliwe peke yake, zisirundikwe pamoja na za watoto.