Kisu Hakikaushi Maziwa

Siku ya pili baada ya kutolewa kidole tumbo, mama mmoja kutoka upande wa Wundanyi alikuwa ameinama kwenye sinki la wodi, mkono mmoja ukishika mshono, wa pili ukikamua maziwa na kuyaacha yaende na maji ya mfereji. Leso aliyojifunga kifuani ilikuwa imelowa mabaka mawili. Nilimuuliza mbona anamwaga. Akajibu bila kuinua kichwa: "Yana dawa, sista. Niliambiwa ningoje siku tatu." Mtoto wake wa miezi minne alikuwa kule juu milimani na nyanya yake, akipewa maziwa ya kopo kwa chupa, na kila simu ilipopigwa nyumbani kilio chake kilisikika nyuma ya maneno.

Aliyempa ushauri huo alimtakia mema. Nami nilipoanza kazi ya uuguzi wa wazazi niliurudia hivyo hivyo, kwa kuwa ndivyo nilivyofundishwa. Leo tunajua zaidi, na tunachojua kinasemeka kwa ufupi: kisu hakikaushi maziwa, na dawa za usingizi haziyaharibu. Yakikauka baada ya upasuaji, mara nyingi kilichoyakausha ni saa ambazo mama na mtoto wametenganishwa.

Tuanze na dawa, maana ndizo zinazotisha. Titi halina ghala la kuweka dawa. Dawa huingia kwenye maziwa ikitoka kwenye damu, na inapopungua kwenye damu, ile iliyokwisha kuingia kwenye maziwa hurudi ilikotoka. Ndiyo sababu kukamua na kumwaga hakuisafishi dawa mwilini hata kidogo: unamwaga chakula tu, na maziwa yakimwagika hayazoleki. Dawa za nusu kaputi kama propofoli na ketamini hutoka kwenye damu haraka, na kinachofika kwa mtoto ni kidogo mno. Sindano ya mgongo, ambayo ndiyo hutumika kwa wengi wanaojifungua kwa upasuaji, haina hata sababu ya kubishaniwa, kwa kuwa ganzi yake hufanya kazi pale pale mgongoni.

Kipimo basi ni mama mwenyewe. Akishazinduka, akajua yuko wapi na anaongea na nani, akaweza kumshika mtoto bila mikono kulegea, anaweza kunyonyesha. Madaktari wa usingizi wa Marekani walitoa tamko hilo mwaka 2019, na wenzao wa Uingereza wakaandika mwongozo wa namna hiyo mwaka 2020. Tahadhari inayobaki inahusu usingizi wa mama. Kwa saa 24 za mwanzo anaweza kusinzia ghafla, kwa hivyo asilale na mtoto kitanda kimoja, na mtu mzima mwingine awe karibu wakati wa kunyonyesha.

Dawa za maumivu nazo zina hadithi yake. Nimewahudumia akina mama wanaouma meno usiku kucha na kukataa vidonge, wakisema wanamwepushia mtoto. Uvumilivu huo unamnyima mtoto maziwa. Maumivu makali na hofu huizuia oksitosini, homoni inayosukuma maziwa kutoka ndani ya titi hadi kwenye chuchu, kwa hivyo titi linaweza kujaa na mtoto asipate kitu. Parasetamoli, ibuprofeni na diklofenaki zinamfaa mama anayenyonyesha asiye na sababu nyingine ya kuziepuka, kama vidonda vya tumbo au ugonjwa wa figo. Hata mofini kidogo, kwa siku chache na chini ya uangalizi, inakubalika.

Ziepuke kodeini na tramadoli. Baadhi ya watu wana vimeng'enya vya ini vinavyoigeuza kodeini kuwa mofini kwa kasi kubwa mno, mtoto akapokea dozi asiyoihimili, akalala kupita kiasi na pumzi ikapungua. Watu wa maumbile hayo ni wengi zaidi upande wa Ethiopia kuliko Ulaya, na hakuna awezaye kumtambua mmoja wao kwa kumtazama. Mwaka 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani iliwaonya akina mama wanaonyonyesha dhidi ya dawa zote mbili. Hili ni muhimu kwetu kwa sababu baadhi ya vidonge vya maumivu na dawa za kikohozi madukani vina kodeini ndani. Kabla ya kulipa, mwambie mwenye duka la dawa kwamba unanyonyesha.

Sasa tuje kwenye maziwa yenyewe. Mtu wa hapa Voi anajua tangi la maji lilivyo: usipofungua mfereji, maji yanakungoja. Titi halingoji. Likijaa na lisitolewe, hupokea habari kwamba wateja wamepungua, nalo hupunguza kutengeneza. Maziwa yakitolewa, na mtoto au kwa mkono, linatengeneza mengine. Siku tatu za kungoja kwa mama anayenyonyesha ni kama siku tatu za kufunga kioski: wateja huzoea kwingine, naye mwenye duka haagizi tena bidhaa.

Kwa aliyejifungua kwa upasuaji, jambo hili linaanza mtoto akiwa na dakika chache tu duniani. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba takriban asilimia 17 ya watoto wanaozaliwa Kenya huzaliwa kwa upasuaji, ilhali mwaka 2014 walikuwa asilimia 9. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto anyonye ndani ya saa ya kwanza. Baada ya sindano ya mgongo hilo linawezekana kabisa: mtoto akaushwe, alazwe kifuani pa mama ngozi kwa ngozi, afunikwe, huku daktari akimalizia kushona. Aliyepewa nusu kaputi ataanza akizinduka.

Maziwa mengi huja kondo la nyuma likishatoka, kwa kawaida siku ya pili au ya tatu. Kwa upasuaji yanaweza kuchelewa siku moja zaidi, kwa sababu ya maumivu, damu iliyopotea na kule kutenganishwa. Katikati kuna dang'a, yale maziwa ya mwanzo ya rangi ya manjano, mazito, yaliyojaa kinga. Ni machache kwa makusudi. Tumbo la mtoto wa siku moja linatosheka na kijiko kidogo cha chai kwa mlo, kwa hivyo mama anayeona matone na kusema "sina maziwa" kwa kweli anayo ya kutosha. Asikubali glukosi wala maji ya sukari bila sababu ya kitabibu. Na uzito ukishuka kidogo siku za mwanzo asiogope: maji ya dripu aliyopewa mama humvimbisha mtoto pia, kisha huyatoa kwa mkojo. Kuanzia siku ya tano, nepi sita zilizolowa kwa siku na choo kilichogeuka kutoka cheusi kuwa cha manjano ni ushahidi bora kuliko mizani ya wasiwasi.

Namna ya kumshika mtoto inataka akili kidogo, maana mshono hautaki kuguswa. Mlaze mtoto ubavuni mwako juu ya mto, miguu yake ikielekea mgongoni kwako, kichwa chake mkononi, kama mtu aliyebeba kikapu chini ya kwapa akitoka sokoni. Usiku lala kwa ubavu, mto mmoja nyuma ya mgongo, leso iliyokunjwa ikilinda mshono na mateke, naye mtoto alale akikuelekea tumbo kwa tumbo. Akimaliza, arudishwe mahali pake. Mpira wa mkojo na dripu havizuii kitu. Mwambie muuguzi aweke sindano ya dripu mbali na kiwiko, ili mkono uweze kukunjika. Na tumbo likikusokota mtoto anaponyonya, hilo ni tumbo la uzazi linajikaza, jambo linalopunguza damu.

Kaunti yetu ina shida yake ya pekee, nayo ni masafa. Mama wa Kasigau, Sagalla au Mwatate anaweza kuletwa Voi, Hospitali ya Moi ya Rufaa ya Kaunti. Wa Taveta yuko zaidi ya kilomita 100 kutoka hapa. Na anayehitaji huduma zaidi huenda Coast General, Mombasa, takriban kilomita 150 kwa barabara kuu. Mama akipakiwa kwenye ambulensi usiku, mtoto wa miezi minne hubaki. Hapo ndipo maziwa hupotelea, njiani.

Upasuaji ukiwa wa kupangwa, anza mapema. Kamua kidogo kila siku, siku chache kabla, uweke akiba. Siku yenyewe mnyonyeshe mwisho kabisa, mara tu kabla ya kuingia thieta. Mgonjwa hufunga chakula takriban saa sita, ila maji ya kunywa kwa kawaida huruhusiwa hadi saa mbili kabla. Uliza, kwa maana kukaa na kiu tangu jana yake hakumsaidii anayenyonyesha. Upasuaji ukiwa wa ghafla, mtoto aje na mama, na mtu wa kumshika nje ya wodi. Ikishindikana kabisa, mama akamue kila saa tatu, na usiku asiruke.

Mashine si lazima. Nawa mikono. Weka kidole gumba juu na vidole viwili chini, kando ya ule weusi unaozunguka chuchu. Sukuma kuelekea mbavuni, bana, achia. Usivute chuchu wala kuteleza juu ya ngozi. Matone yatachelewa dakika moja au mbili, kisha yatachuruzika. Weka kwenye chombo safi chenye kifuniko. Kwenye joto la Voi yasipitishe saa nne nje ya friji. Wundanyi kuna baridi, lakini shika kipimo hicho hicho. Ndani ya friji hukaa hadi siku nne. Nyanya ampe mtoto kwa kikombe kidogo, taratibu, akimlambisha. Chupa ni ngumu kusafisha, na huweza kumfundisha mtoto uvivu wa kunyonya. Benki ya maziwa ya mama ya kwanza nchini ilifunguliwa Hospitali ya Pumwani, Nairobi, mwaka 2019. Kwa mama wa Voi, aliye mbali na Pumwani zaidi ya kilomita 300, benki ni mkono wake na kikombe.

Si kila hali inaruhusu. Anayetibiwa tezi ya shingo kwa iodini yenye mionzi huachisha kabisa, na dawa nyingi za saratani hudai vivyo hivyo. Kwa upande mwingine, jipu la titi lililopasuliwa halizuii kunyonyesha, hata kwa titi lile lile, ilimradi mdomo wa mtoto haugusi kidonda. Kufunga kizazi hakuhusiani na maziwa. Ikiwa siku ya tano baada ya kujifungua imefika na maziwa hayajaja hata kidogo, rudi hospitali: huenda kipande cha kondo kimebaki ndani, kikiendelea kuudanganya mwili kwamba bado una mimba. Aliyepoteza damu nyingi mno anaweza kuwa ameumia tezi ya pituitari, hali ya nadra iliyoelezwa na daktari Harold Sheehan mwaka 1937. Na mtoto anayelala asiamke kunyonya, au anayepumua kwa taabu, asingojee asubuhi.

Baada ya nyumbani kuna kazini. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mama miezi mitatu yenye mshahara kamili, hata kama wiki sita zake zimeishia kwenye kuuguza mshono. Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri atenge mahali pa kunyonyeshea au kukamulia, awe wa ofisi Voi au wa shamba la mkonge Mwatate. Maziwa ya mama pekee yanatakiwa kwa miezi sita. Miezi mitatu iliyobaki ni ya kikombe, friji na mwajiri anayekumbushwa.

Yule mama wa sinkini tulimsimamisha pale pale. Nyanya aliteremka na matatu ya asubuhi, mtoto mgongoni. Kwa robo saa mtoto aligeuza uso, akilia, akiitafuta ile chupa. Mama alijilaza ubavu, akakamua tone moja mdomoni mwake, akangoja. Tone la tatu ndilo lililomrudisha.

Alinionyesha baadaye nakala ya fomu aliyotia sahihi kabla ya kuingia thieta. Ilimuuliza jina, umri, mzio wa dawa, mlo wa mwisho na jamaa wa karibu. Mahali pa kuandika kwamba ananyonyesha hapakuwapo. Ukipewa fomu ya namna hiyo, andika kwa mkono wako pembeni, halafu muulize aliyekupa kalamu: mtoto atalala wapi usiku wa leo?